Wasomaji Wanauliza: Desturi za Mtaa Zinabebwa na Nani?

Barua zilizotufikia safari hii kuhusu maisha ya mtaani zinatofautiana kwa mengi, lakini karibu kila mwandishi analalamikia jambo lile lile kwa namna yake: kwamba watu wanaishi ukuta kwa ukuta bila kujuana, na kwamba yale yaliyokuwa yakifanywa kwa pamoja, kuanzia kuzibua mifereji hadi kumsimamia aliyefiwa, sasa yanaachiwa mtu mmoja au wawili. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, na nimeondoa majina ya watu na ya mitaa ili asiwepo atakayejikuta anasomwa na jirani yake humu.

Swali: Tulihamia mtaa huu mwaka jana, mimi, mume wangu na watoto. Kila nyumba ina ukuta na geti, magari yanaingia na kutoka, na mpaka leo sijui jina la mtu anayekaa nyumba ya pili. Nilikolelewa mimi, wenyeji ndio waliomfuata mgeni na kumkaribisha. Nimengoja hadi nimechoka. Je, ni mimi ninayepaswa kuanza, na nianzeje bila kuonekana nina shida ya kitu?

Jibu: Anza wewe, dada yangu, na uanze wiki hii. Desturi ya wenyeji kumfuata mgeni ni nzuri nami ninaiheshimu, ila inastawi pale ambapo wenyeji wenyewe wanajuana: mmoja akiona mizigo inateremshwa anawaambia wenzake, na jioni wanakuja pamoja. Mahali ambapo wenyeji hawajuani, kila nyumba inadhani nyumba nyingine imeshakuja kukusalimu, na baada ya miezi miwili mitatu kila mmoja anaona haya kuja akiwa amechelewa kiasi hicho. Ukimya unaoudhani kuwa ni kukataliwa, mara nyingi ni haya tu, tena ya pande zote mbili.

Mwaka 1950, mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT, nchini Marekani. Wakazi wale walipangiwa nyumba bila kuchagua wa kukaa naye jirani, na kwa hiyo ilikuwa rahisi kuona urafiki unaanzia wapi. Walipoulizwa ni akina nani wanaotembeleana nao zaidi, jirani wa mlango unaofuata alitajwa katika asilimia 41 ya nafasi ambazo angeweza kutajwa, lakini wale waliokaa ncha mbili za ghorofa ile ile walitajana kwa asilimia 10 tu, ingawa umbali kati yao ulikuwa wa hatua chache. Waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua ndio waliokuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine, kwa sababu kila mtu alilazimika kupita mbele yao. Hawakuwa wacheshi kuliko wengine, walikuwa njiani.

Nawe, basi, jiweke njiani. Kazi unazozifanya ndani ya ukuta, kama kumwagilia maua au kumsubiri mtoto arudi shuleni, zifanye nje ya geti katika saa ambayo watu wanarejea kutoka kazini. Salimu kwanza, wala usihesabu aliyeitikia na asiyeitikia. Wakishazoea sura yako, piga hodi nyumba ya pili ukiwa na swali dogo la kweli: gari la taka linapita siku gani, au ni fundi gani wa bomba anayeaminika hapa. Taja jina lako na nyumba unayokaa, usikubali kuingia ndani siku hiyo hata ukikaribishwa, na usikae zaidi ya dakika chache. Unaogopa kuonekana una shida, lakini mtu anayeulizwa jambo analolijua huona ameheshimiwa, na mara nyingi ndiye atakayekuja kwako safari ijayo.

Swali: Jirani yetu ni mzee wa miaka themanini na kitu. Mkewe alifariki na watoto wake wanaishi mbali. Ni mtu wa staha, hapendi kuingiliwa, na aliwahi kumfokea kijana aliyemletea chakula bila kuombwa. Tunaogopa kwamba siku moja atazidiwa humo ndani na sisi tusijue. Tumsaidieje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Hofu yenu ina msingi, na ninawashukuru kwa kuwa nayo. Mwezi Julai 1995, joto kali liliupiga mji wa Chicago kwa siku chache, na watu zaidi ya 700 wakapoteza maisha juu ya idadi ya kawaida ya kipindi kama hicho. Wengi wao walikuwa wazee waliofia peke yao vyumbani. Mwanasosiolojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili ya mji huo yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambayo hayakutofautiana sana kwa wazee maskini wala kwa wazee wanaoishi peke yao. Katika eneo la kwanza walikufa watu 40 kwa kila wakazi 100,000. Katika la pili walikufa 4. Joto lilikuwa moja. Tofauti aliyoiona ilikuwa barabarani: South Lawndale ilikuwa na maduka na watu mchana kutwa, kwa hiyo mzee alikuwa na mahali pa kwenda na asipoonekana watu waliuliza, ilhali North Lawndale biashara nyingi zilikuwa zimefungwa, majengo mengi yamebaki matupu, na wazee waliogopa hata kumfungulia mlango mtu aliyekuja kuwajulia hali.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba mzee halindwi na huruma ya dakika ya mwisho. Analindwa na mazoea ya kila siku ambayo yeye mwenyewe ni sehemu yake. Mzee wenu alimfokea yule kijana kwa kuwa chakula kisichoombwa kilimwambia kwamba ameshawekwa katika fungu la wasiojiweza. Geuzeni mwelekeo. Mwombeni yeye kitu. Mwenye ujuzi wa miaka themanini hakosi la kuombwa: historia ya mpaka wa kiwanja fulani, mahali bomba kuu lilipopita kabla barabara haijainuliwa, au kumwangalia fundi anapofanya kazi kwenu wakati hamko nyumbani. Mwachieni ufunguo wenu wa akiba. Mtu anayetunza ufunguo wa jirani hatashangaa siku jirani atakapomwomba naye aache wa kwake.

Kisha mmoja wenu, yule anayemheshimu zaidi, akae naye na kumweleza waziwazi bila kuzungukazunguka: "Mzee, sote hapa tunaweza kuugua usiku. Tukubaliane alama." Alama iwe nyepesi, kwa mfano pazia la dirisha la mbele, ambalo kila nyumba iliyomo katika makubaliano italifungua asubuhi. Ikifika saa fulani pazia halijafunguliwa, anayeliona anapiga simu. Simu isipopokelewa, anapiga hodi. Nasisitiza kwamba makubaliano yahusu nyumba tatu au nne kwa pamoja, si nyumba yake peke yake, maana mzee mwenye staha atakubali kulinda wenzake hata kama asingekubali kulindwa. Namba ya simu ya mtoto wake mmoja iandikwe na ihifadhiwe na watu wawili.

Liko jambo moja zaidi ambalo mitaa mingi hailifikirii. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi lilipolikumba eneo la Kobe nchini Japani, wengi wa waliokwama chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani zao kabla vikosi vya uokoaji havijafika. Katika mji mdogo wa Hokudan, kisiwani Awaji, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, majirani na wazimamoto wa kujitolea walijua hata nani analala chumba kipi, wakachimba palepale badala ya kubahatisha. Basi, katika mazungumzo hayo, jueni mzee analala upande gani wa nyumba na mlango upi hufunguka kwa urahisi kutoka nje.

Swali: Mtaa wetu ulikuwa na siku moja kila mwaka ambapo barabara ilifagiliwa, watoto wakacheza, waliohamia wakatambulishwa na sote tukala pamoja. Mama mmoja ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu. Alihama miaka mitatu iliyopita na tangu hapo siku hiyo haijafanyika. Niliitisha kikao, wakaja watu wanne. Vijana wanasema michango imezidi, wazee wanasema vijana hawana adabu. Je, tuiache ife?

Jibu: Msiiache, lakini pia msijaribu kuirudisha kama ilivyokuwa, kwa sababu ilivyokuwa ndivyo ilivyokufa. Mama huyo anastahili shukrani ya mtaa mzima, tena aandikiwe barua ya kumwambia hivyo. Hata hivyo, jambo linalosimama juu ya mabega ya mtu mmoja linakuwa tegemeo la watu wote na kazi ya mtu huyo peke yake. Wengine walizoea kufika. Hawakuwahi kujua viti vilitoka wapi, nani alikwenda kuomba ruhusa ya kufunga barabara, wala nani alibaki jioni kuzoa takataka. Akiondoka mtu wa namna hiyo, hakuna anayeinuka, na si kwa ubaya wa moyo: hawajui pa kuanzia.

Inafaa kukumbuka kwamba desturi nyingi za mtaani, hata zile zinazoonekana za kale, zilianzishwa na watu tunaoweza kuwataja, kwa sababu tunazoweza kuzieleza. Uingereza, karamu za mitaani zilianza mwaka 1919, pale wakazi walipoandaa karamu za watoto kusherehekea amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko Ufaransa, sherehe ya majirani ilianza mwaka 1999 katika wilaya ya 17 ya Paris, ikiongozwa na Atanase Périfan, aliyeguswa na habari ya mwanamke mzee aliyekutwa amekufa katika nyumba yake muda mrefu baada ya kufariki bila jirani yeyote kujua. Sherehe hiyo imeenea katika nchi nyingi, na naamini usahili wake umechangia: wakazi wa jengo au mtaa hukutana jioni moja, kila mmoja akaleta kitu chake cha kula au kunywa, na hakuna mwenyeji anayebeba gharama za wote.

Sasa tuje kwenu. Kosa la kwanza lilikuwa kuitisha kikao. Kikao kinawafaa watu ambao tayari wana jambo la pamoja na wanataka kuliamulia; watu wasiojuana hukiona kikao kuwa ni mahali pa kutozwa fedha. Badala yake wachukueni wale wanne waliokuja, ambao wanatosha kabisa, mfanye kitu kidogo hadharani mahali kila mtu anapopita: fagieni kipande cha barabara kati ya nyumba zenu nne Jumamosi asubuhi, kisha kaeni nje kwa saa moja na viti vyenu. Rudieni mwezi unaofuata, Jumamosi ile ile ya mwezi, saa ile ile, bila tangazo. Uthabiti wa siku una nguvu kuliko ujumbe wowote wa simu, kwa kuwa mtu aliyekosa mara tatu bado anajua mtakuwepo mara ya nne. Baada ya miezi michache ndipo mseme kwamba mwezi fulani itakuwa siku kubwa.

Mwaka wa kwanza msichangishe hata senti moja. Kila nyumba ije na chakula chake na kiti chake. Vijana wenu wanaposema michango imezidi, wasikilizeni kabla ya kuwahukumu, kwa sababu huenda wanachokilalamikia si kiasi chenyewe. Wanalalamikia kutoa fedha katika jambo ambalo hawakushiriki kulipanga na ambalo hesabu zake hawajawahi kusomewa. Kijana anayeitwa kubeba viti tu, asiyeulizwa hata siku moja ni tarehe gani inafaa au watoto wacheze nini, hajakosa adabu akitoweka. Amekosa sababu ya kubaki. Nami nasema hivi nikiwa upande wa wazee kwa umri. Mpeni kijana sehemu nzima, iwe muziki au michezo, aiamue yeye, na mkubali kwamba haitafanana na ya zamani.

Kuhusu uongozi, pangeni nyumba mbili kila mwaka, moja kutoka kila mwisho wa mtaa, ili watu wasiojuana walazimike kufanya kazi pamoja, na nyumba hizo zisirudie mpaka mzunguko umekamilika. Nunueni daftari moja la kawaida lipitishwe kutoka mikono hadi mikono. Humo yaandikwe mambo ambayo yule mama aliyahifadhi kichwani: viti viliazimwa kwa nani na vilirudi vingapi, kibali cha kufunga barabara kiliombwa wapi na kilichukua siku ngapi, muziki ulizimwa saa ngapi na nani alilalamika, mtoto gani ana ugonjwa unaomzuia kula kitu fulani. Mwandikieni mama huyo na kumwomba aandike kurasa za kwanza. Ninaamini atafurahi sana.

Swali: Watoto wetu hawachezi nje kwa sababu madereva wanatumia mtaa wetu kukwepa foleni ya barabara kuu. Wengine wananiambia hilo halihusiani na ujirani. Je, nimekosea kuliona linahusiana?

Jibu: Hukukosea hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Kwenye mtaa uliopitiwa na magari takriban 2,000 kwa siku, kila mkazi alikuwa na wastani wa marafiki 3 mtaani hapo. Kwenye ule wa magari 16,000, wastani ulishuka chini ya rafiki mmoja. Watu walikuwa wamehamia vyumba vya nyuma na kuiacha barabara kwa wapitao. Uholanzi walilitambua hilo mapema: katika mji wa Delft wakazi na wapangaji wa mji waliweka miti, kona na vizuizi ili gari litembee kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na mwaka 1976 mitaa ya aina hiyo ikawekewa kanuni za nchi nzima. Hatua iliyo ndani ya uwezo wenu ni kuomba kibali cha kufunga mtaa kwa saa mbili au tatu mara moja kwa mwezi watoto wacheze, kama walivyofanya wazazi wa mtaa mmoja wa Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 2009. Ombi liandikwe na liwe na saini za nyumba nyingi kadiri mnavyoweza, pamoja na za wasio na watoto, na lieleze jinsi wakazi wenye magari na gari la wagonjwa watakavyopita.

Swali: Kuna jirani ambaye hajawahi kuchangia chochote, si ulinzi, si taa za barabarani, na hata salamu anaitikia kwa shida. Wiki mbili zilizopita alifiwa na mama yake. Baadhi yetu walisema tusiende ili ajifunze umuhimu wa watu. Moyo wangu ulikataa, lakini nilinyamaza, na hakuna aliyekwenda. Sasa ninakutana naye barabarani na sijui niseme nini. Je, tumechelewa?

Jibu: Hamjachelewa. Nendeni, na ikiwezekana mwende kabla wiki hii haijaisha.

Wenzako wamechanganya vitu viwili ambavyo mtaa unapaswa kuvitenga kabisa. Ulinzi na taa ni huduma zenye gharama. Anayezitumia bila kulipa anadaiwa, na deni lina njia yake ya kudaiwa, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana. Kumhani mfiwa si malipo ya mchango wala si zawadi ya mwanachama hai. Mtaa ukianza kugawa rambirambi kwa kuangalia orodha ya waliolipa, kila mtu aliyemo, hata yule anayelipa kwa wakati, anajua kwamba siku akifilisika au akiugua muda mrefu naye atafutwa katika orodha hiyo. Hapo hamkumfundisha yeye umuhimu wa watu. Mmewafundisha wote kwamba watu wana masharti, na ninaona hasara hiyo ni kubwa kuliko taa zote ambazo hakuzichangia.

Tena hamjui sababu ya kujitenga kwake. Huenda anafanya kazi za usiku, huenda aligombana na mtu miaka mingi kabla nyinyi hamjahamia, huenda hana fedha na anaona afadhali aonekane mwenye kiburi kuliko aonekane hana. Wapo pia watu ambao kwa maumbile yao hawapendi kukaribiana na wengi, na mtaa mzuri unawapa nafasi. Jane Jacobs, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu maisha ya barabara za miji, alisisitiza kwamba watu wa mtaa mmoja wanaweza kuaminiana na kusaidiana huku kila mmoja akibaki na faragha yake. Pale ambapo ujirani unadai kushirikiana katika kila kitu, wengi huchagua kutoshirikiana katika lolote. Mimi ninakubaliana naye kabisa.

Mwende watu wawili au watatu, si kundi, mchana au mapema jioni, na mmoja wenu awe mtu ambaye hajawahi kumdai kitu. Msijieleze sana kuhusu kuchelewa. Semeni, "Tumekuja kukupa pole, na tunasikitika hatukuja mapema," kisha muulizeni habari za mama yake, alikuwa mtu wa namna gani, aliugua au aliondoka ghafla, na mmwache azungumze au anyamaze. Asipowakaribisha ndani, mpeni pole hapo hapo mlangoni na muondoke kwa amani. Ukikutana naye tena barabarani, endelea na salamu kama kawaida. Suala la ulinzi na taa lisubiri mwezi mmoja au miwili, na likifika wakati wake liletwe na mtu mmoja, faraghani, ambaye hakuwa miongoni mwa waliokwenda kumpa pole.